Mawakili vijana mnaolalamikia ma-senior, someni yaliyonikuta mimi Mzaramo kwa mtani wangu Bariadi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma uzi wa yule kijana wakili anayelalamika kwamba senior wake anambebesha mafaili tu na hampi kesi hata moja. Nimesoma na comments zote. Nusu mnamwambia aache kazi, nusu mnamwambia avumilie. Nikashindwa kukaa kimya.

Haya ninayoandika sikusimuliwa na mtu, yalinipata mimi. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wana watoto na wajukuu, na wengine najua wamo humu humu. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa, hata yale yasiyonipendeza.

Nina tabia ya kuchepuka njiani, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria ndiyo limeingia kwa kishindo. Serikali imesimamisha ajira, mashirika ya umma yanapunguza watu. Waliotutangulia chuo walikuwa wanamaliza tu wanapangiwa kazi. Sisi tukamaliza, tukapewa vyeti, tukaambiwa kila la heri.

Mimi nilishaapishwa kabisa kuwa wakili. Nina joho, nina muhuri, ofisi sina. Nimerudi Kisarawe kwa mama, na mama ameanza kuniuliza wakili gani anaamka jua likiwa utosini.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa malori ya pamba. Ndiye aliyeniambia kuna wakili mmoja Bariadi, mtu mwenye jina kubwa huko, anatafuta kijana wa kumsaidia. Nikafunga begi siku ile ile. Sikuuliza hata mshahara.

Kwa wadogo zetu: wakati huo mkoa wa Simiyu haukuwepo. Bariadi ilikuwa Shinyanga, Lagangabilili hapakuwa na makao makuu ya wilaya yoyote, na ukitoka Mwanza kwa basi ulikuwa unashuka umefanana na barabara.

Huyo wakili nitamwita Mzee Maduhu.

Alikuwa mwanasheria wa ushirika miaka mingi. Ushirika ulipoanza kuyumba, maana sasa kila mwenye lori na mzani alikuwa anaruhusiwa kununua pamba, naye akapunguzwa. Akafungua ofisi yake Somanda, vyumba viwili, si mbali na hospitali. Chumba cha mbele wanakaa wateja, cha ndani tunakaa sisi.

Siku nafika alikuwa anasoma. Nikajitambulisha. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniuliza kabila gani.

"Mzaramo, mzee."

Wakuu, yule mzee aliruka kwenye kiti. Akapiga makofi, akaita mpaka wateja wa chumba cha mbele.

"Njooni muone! Mtumwa wangu karudi! Bebe Mzaramo, nimekutafuta miaka yote, ulijificha wapi?"

Bebe kwa Kisukuma ni wewe. Wanaojua wanajua. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika, unachotakiwa ni kurudisha. Nami kwetu sikulelewa kukaa kimya.

"Mtumwa ni wewe," nikamwambia. "Babu yako alifika pwani na mizigo ya watu kichwani, tukampa nazi, akala na kifuu chake."

Wateja walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Kazi nikaipata hapo hapo.

Sasa niwaeleze alivyokuwa anafanya kazi, maana humu ndimo mambo yote yalimo.

Kwanza, mzee alikuwa ananisomesha kwa sauti. Akiandika hoja za rufaa ananipa nisome. Nikisoma kwa sauti ya kawaida ananikatiza.

"Soma kama mwanaume! Hakimu si mchumba wako, unamnong'oneza nini?"

Basi nasoma kwa nguvu mpaka wapita njia kwenye baiskeli wanageuza shingo. Nilijua ndiyo mafunzo. Na kweli sauti niliipata, baadaye huko Mwanza watu walikuwa wananiuliza nilisomea wapi kusema namna ile.

Pili, mahakamani nilikuwa nakaa kushoto kwake. Siku zote kushoto. Kuna siku paa lilivuja, benchi upande ule limelowa, nikakaa kulia. Akanisukuma kwa kiwiko.

"Toka huko. Upande huo wanakaa wenye akili."

Nikahamia kwenye maji.

Tatu, na hili ndilo lililokuwa linaninyima usingizi: hakimu akisema jambo, au wakili wa upande wa pili akimaliza, mzee anainamisha kichwa kwangu.

"Mzaramo, kasemaje?"

Namwambia. Anatikisa kichwa, anasimama, anajibu kwa utaratibu mpaka unajisikia vibaya kuwa upande wa pili. Halafu anakaa. Mwingine akisema, ananiinamia tena.

Nilichukulia kwamba ananipima, kama mwalimu anayemshtukiza mwanafunzi anayesinzia. Kwa hiyo nikajibana kusikiliza. Nikafika mahali naweza kurudia maneno ya hakimu neno kwa neno na kikohozi chake juu.

Lakini kusimama? Sahau.

"Mzee, lini nitasimama mimi?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bebe hata michembe inakushinda, sheria utaiweza lini?"

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, wenyeji wanavitafuna na chai. Meno yangu ya pwani yalikuwa yanagoma. Tunacheka, siku inaisha, na mimi bado nabeba vitabu.

Wakuu, nilikuwa kijana. Niliosoma nao walikuwa tayari wanasimamia kesi zao. Nilikutana na mmoja stendi ya Bariadi anaelekea kuendesha kesi, kavaa suti ya maana, akaniuliza, "Na wewe umefikia wapi?" Nikamwambia ninaendelea vizuri. Niliingia kwenye kibanda cha chai nikakaa mpaka basi lake likaondoka.

Nilikuwa situlii. Jioni nikitoka kazini natembea kutoka Somanda mpaka stendi, nageuka, narudi, nageuka tena. Malori ya pamba yanapita na majina mapya kila msimu. Kampuni hii imekuja, ile imekuja. Jamaa aliyekuwa anauza chumvi sasa ananunua pamba. Naona watu wote wanakwenda mahali fulani isipokuwa mimi.

Na utani nao ukaanza kubadilika mdomoni mwangu. Nikimtukana mzee tulikuwa tunacheka wote, ila mimi nilikuwa namaanisha kidogo. Kila siku kidogo zaidi.

Ndipo ikaja kesi ya Mayu Minza. Mayu ni mama, ndivyo wanavyomwita mwanamke wa heshima huko.

Huyu alikuwa mkulima wa Dutwa. Aliachana na mume zamani, akarudi kwenye ardhi ya marehemu baba yake, akalima pamba na mahindi miaka na miaka. Shamba lake lilikuwa kando ya barabara, na soko huria lilipofika, kando ya barabara ndiko kila kampuni ilikotaka. Binamu yake mmoja akaliuza kwa kampuni mpya ya pamba iliyotaka kujenga ghala na kuweka mzani. Akadai mwanamke hana ardhi ya ukoo.

Kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo. Enzi hizo wakili hakuruhusiwa kuingia kule, kwa hiyo mzee alimkalisha Mayu Minza ofisini akamfundisha aseme mwenyewe. Alimpiga maswali mpaka mama wa watu akataka kumrushia kandambili. Akaenda, akasema, akashinda.

Kampuni ikakata rufaa Mahakama ya Wilaya. Huko mawakili wanaruhusiwa. Wakaleta wakili kutoka Mwanza, mtu mtaratibu, mpole, anaongea chini chini kama anayeungama kwa padri.

Rufaa ilipotajwa mara ya kwanza mimi sikwenda. Malaria ilikuwa imenilaza chali. Mzee alikwenda peke yake, na nilipopata nafuu karani wa mahakama akanihadithia kwamba siku ile mzee aliwachekesha sana. Hakimu alimuuliza kama ana pingamizi, mzee akajibu, "Mheshimiwa, anaendelea vizuri, ni malaria tu." Mahakama nzima ikacheka. Nami nilicheka kitandani. Nilijua mzee kaamua kufanya vituko.

Karani akasema hata hakimu alitabasamu. Yule wakili wa Mwanza tu ndiye hakucheka.

Sasa, meneja wa ile kampuni alikuwa mgeni pale, mtu wa kutoka mbali, mambo ya watani hayajui. Siku moja alitukuta mimi na mzee uwanja wa mahakama tunatupiana kama kawaida yetu. Nilikuwa namwambia, "Wewe mzee nikikupeleka mnadani hata mbuzi kilema sipewi, itabidi niongezee baiskeli." Naye ananijibu ya kwake. Meneja akasimama anatutazama, uso umemshuka. Alituona maadui.

Wiki hiyo hiyo akanitumia mtu. Nikaitwa hotelini, nyama ya mbuzi ikaletwa, soda ikaletwa.

Akaniambia ameona ninavyonyanyaswa. Akasema kijana msomi kama mimi kubeba vitabu vya mzee ni dhambi. Kampuni inataka mwanasheria wake yenyewe, ofisi Mwanza, nyumba ipo, gari lipo, na kesi zote za kampuni nitasimama mimi.

Nitasimama mimi. Niliirudisha nyama kwenye sahani.

Nikamwambia, "Meneja, mimi niko upande wa pili kwenye rufaa yenu. Siri za mteja siwezi kukupa. Nikikupa nafutwa uwakili."

Akacheka. "Nani ameomba siri? Hatutaki siri yoyote. Tunachotaka uanze kazi wiki ile ya rufaa. Siku yenyewe uwe Mwanza."

"Kwa nini siku hiyo?"

Akainua mabega. "Wakili wetu ndivyo alivyoshauri. Kasema wewe usiwepo, basi."

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka bila sababu. Kichwani mambo mawili yanapigana. Kazi niliyoiota ndiyo hii. Lakini kwa nini mtu anataka mbeba vitabu asiwepo? Sijawahi kufungua mdomo mahakamani. Kwao mimi ni hatari gani?

Sikuelewa. Na kwa kuwa sikuelewa, nikaamua kujiona mjanja: pengine wanamwogopa mzee, wanataka tu kumkata mguu. Basi na wamkate, mimi kanifanyia nini?

Kesho yake nikamwendea mezani. Chumba cha mbele kulikuwa na wateja, nikaongea taratibu wasinisikie. Nikamwambia, "Mzee, ninaacha kazi. Nimepata mahali."

Akanitazama usoni, akacheka kicheko chake kile cha kifuani.

"Wazaramo kwa kulia lia! Kapige chai, iko jikoni."

"Mzee, sitanii."

"Na michembe ipo. Itafune kama unaiweza."

Nilitoka pale na hasira, chai sikuigusa. Hebu fikiria, mtu unamwambia jambo zito kuliko yote maishani mwako, anakujibu utani. Nilijiona sina thamani hata ya kukasirikiwa.

Siku zikawa zinakwenda, rufaa inakaribia, mimi silali vizuri, chakula sikitaki. Mayu Minza anakuja kutoka Dutwa na baiskeli, ananisalimia, "Mwadila, ng'wana wane," yaani habari, mwanangu, namjibu huku naangalia pembeni. Nilikuwa namwonea aibu na bado sijafanya chochote.

Basi mchana mmoja mzee alisimama dirishani, kanipa mgongo, anaangalia barabarani. Kulikuwa kimya kabisa, saa ile watu wamekwenda kula. Nikasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayezungumza na nafsi yake:

"Kampuni ya pamba wamenipa kazi Mwanza. Wanataka siku ya rufaa nisiwepo."

Nikangoja anigeukie kwa hasira.

Hakugeuka.

Nikarudia, sauti imepanda kidogo. "Mzee Maduhu. Kampuni wamenipa kazi."

Mzee anaangalia barabara. Akajikuna shingo.

Wakuu, yote yalinijia kwa mpigo: kushoto siku zote, soma kwa sauti, kasemaje Mzaramo, ile ya malaria. Yule wakili wa Mwanza alimwona mara moja akajua. Mimi nimekaa naye ubavu kwa ubavu muda wote ule nikidhani napimwa.

Nikazunguka meza, nikaenda kusimama mbele yake, nikasema polepole.

"Mzee. Husikii."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakunitukana.

Alikaa. Akavua miwani. Akasema sikio la kulia lilikufa zamani akiwa bado ushirika, na la kushoto limebaki kidogo, nalo linachagua sauti za kusikia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nimekuleta kutoka pwani uwe sikio?"

"Na ile bado, bado?"

Nilidhani hajasikia, nikataka kurudia, akanyoosha mkono.

"Ukisimama wewe, mimi nitakaa na nani?"

Akaniambia kwamba utani ulikuwa umemwokoa. Kwa mtu mwingine ukijibu kisichoulizwa anakushangaa. Mtani akifumbua mdomo, wewe unamtukana tu, mnacheka, yanaisha. Nusu ya matusi yangu hakuwahi kuyasikia. Hata siku nilipomwambia naacha kazi, aliona midomo yangu inacheza na uso umekunjamana, akadhani narudisha utani.

Nasema ukweli, nilikasirika. Huruma ilikuja baadaye sana. Wakati ule nilichoona ni kwamba mtu huyu ameukalia ujana wangu ili yeye aonekane bado yumo. Nilimwambia hivyo, nikiwa nimemkazia macho ili asikose hata neno. Hakubisha.

Nikamweleza na habari ya meneja. Akasikiliza kwa macho mpaka mwisho.

"Nenda," akasema. "Ningekuwa wewe ningekwenda. Ila Mayu Minza lazima aambiwe kwamba wakili wake hasikii. Nitamwambia mwenyewe."

Na alimwambia. Mama alikuja, akakaa, mzee akamweleza bila kuzungusha, mimi nimesimama mlangoni nimeshika kitasa kama ninayeondoka. Kwa kweli sikujua kama naondoka.

Mayu Minza akafunga vizuri kanga yake kiunoni. Halafu akauliza kwa nguvu, kwa kuwa sasa alijua:

"Baba, kule Mahakama ya Mwanzo ulinifundisha, nikasema mwenyewe. Huyu naye umemfundisha?"

"Nimemfundisha."

"Anaweza?"

Mzee alinitazama. "Anaweza. Siku nyingi anaweza. Niliyemzuia ni mimi."

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo kwa muda mrefu mno. Nikatoka nje nikajifanya naangalia tairi la baiskeli ya yule mama, kwa sababu macho hayakuwa vizuri.

Nikamsikia huko ndani anasema, "Basi aseme yeye. Shamba langu, nikikosa nimekosa mimi."

Meneja sikumpa jibu. Nilimwacha angoje Mwanza na gari lake.

Siku ya rufaa yule wakili mpole aliponiona naingia na mzee, alisimamisha kalamu. Alisema hoja zake kwa sauti ile ile ya kuungama, uso kwa hakimu. Mzee alikuwa kushoto kwangu. Sikio lake zuri lilikuwa upande wa ukuta, maana karibu na hakimu sasa nakaa mimi.

Nikasimama.

Nilianza kwa nguvu, vile vile tulivyokuwa tukisoma Somanda. Nilitaka asikie. Sikuwa nazungumza na hakimu hata kidogo, nilikuwa nazungumza na mtu aliye nyuma ya bega langu. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Wakili, chumba hiki ni kidogo. Nakusikia vizuri tu."

Watu wakacheka. Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa amejiinamisha mbele, kageuza kichwa, sikio la kushoto kwangu, mdomo wazi kidogo.

Ilinibidi nishushe sauti. Nilishusha. Nikamwona anarudi nyuma taratibu, anaegemea, kisha anaacha kunitazama mimi, anaanza kumtazama hakimu usoni ili ajue ninaendeleaje.

Hoja yetu ilikuwa rahisi. Binamu mwenyewe alisema kwenye ushahidi wake kule chini kwamba alipowapeleka wanunuzi kuona shamba, walilazimika kuzunguka pembezoni kwa sababu pamba ilikuwa imetoa maua. Nikamuuliza hakimu: pamba ya nani? Wanunuzi waliiona, wakaizunguka wasiikanyage, na hakuna aliyesema twende tukamuulize aliyepanda. Mtu wa namna hiyo hawezi kuja mahakamani akasema hakujua shamba lina mwenyewe.

Hakimu aliniuliza maswali, nikajibu.

Tulipotoka, mzee alinishika mkono hapo uwanjani, penye baiskeli za watu, akataka nimwambie nilichosema. Chote. Nikasimama pale nikaitoa submission nzima upya kwa sauti ya Somanda. Watu wakajaa. Yule wakili wa Mwanza akapita na mkoba wake, akasimama kidogo, akanipa mkono, akaondoka.

Mzee alinisahihisha mahali pamoja. Alikuwa sahihi.

Hukumu ilipotoka, rufaa ya kampuni ikatupwa. Ghala wakajenga ng'ambo ya barabara. Mayu Minza alinishukuru kwa jogoo, akapanda baiskeli, akarudi kupalilia.

Baada ya hapo mzee hakuingia tena mahakamani. Aliandika, mimi nikasema, na ofisi ilikua mpaka tukaongeza chumba. Nilikaa naye miaka kabla ya kufungua ya kwangu Mwanza. Nilichopata pale hakuna chuo kingenipa.

Nawaambia vijana: ukiona senior anakuzuia, kabla hujasema ana roho mbaya, mwangalie vizuri. Huenda kuna kitu anakiogopa. Sikwambii uvumilie, mimi mwenyewe nilikuwa na mguu nje. Nakwambia mwangalie, halafu mkabili uso kwa uso.

Na nyie wazee wenzangu, mwambieni kijana ukweli. Miaka yake haitarudi, na yenu pia.

Mawakili wa humu, na hata mafundi na madaktari, maana naona hili liko kila mahali: nani alikuzuia, na ulikuja kujua kwa nini? Nipo, nasoma zote. Matusi ya Wasukuma nayapokea bila kinyongo.

EDIT: Mkuu mmoja ameuliza kama utani uliendelea. Nilitaka nisiandike hili, ila acha niandike.

Haukuendelea. Tangu siku ile ya rufaa mzee aliniita Wakili. Mbele ya wateja, Wakili. Tukiwa wawili, Wakili. Mtumwa sikuitwa tena. Sijui ni kwa heshima, au ni kwa kuwa sasa hakuwa na cha kunificha. Nilipata nilichokitaka, na kuna siku nilikuwa nakaa pale ofisini natamani nitukanwe.

Mara ya mwisho kumwona alikuwa amezeeka sana, kakaa mlangoni kwake, Somanda. Nilianza kupiga kelele tangu njiani, majirani wakatoka kutazama. "We mtumwa! Hujafa tu? Nimekuja kukuuza, simama nikupime kilo!"

Akanishika mikono yote miwili, akatabasamu, akasema, "Asante, Wakili. Asante sana kwa kuja."

Hakuwa amesikia hata neno moja.